Gumzo la ukoo: asubuhi baada ya homurani ya 60

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Juma: SITINIIII 🔥🔥🔥

Juma: Mmelala? Amkeni jamani! Homurani sitini za Cal Raleigh na ubingwa wa kundi kwa Mariners, timu yetu ya besiboli ya Seattle, vyote usiku mmoja!

Salma: Nani kalala. Sauti imenikauka kabisa

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Mimi na mama tulikuwa uwanjani. Mpaka sasa mikono inauma kwa kupiga makofi

Mjomba Hamisi: Marahaba wanangu. Hongereni Mariners, hongereni ukoo mzima. Ushindi wa 89 huo, na kundi la magharibi ni letu. Mara ya mwisho ilikuwa 2001. Neema hujazaliwa, Juma hujazaliwa, Salma ulikuwa mgongoni kwa mama yako.

Babu: Asalaam aleikum. Nilijilaza zamu ya tano kati ya tisa nikijua tumeshinda. Imeishaje?

Juma: Shikamoo babu. 9 kwa 2. Rockies walichapwa

Babu: Marahaba. Na huyo kijana mdakaji?

Neema: Babu, Cal alipiga homurani ya 59 zamu ya kwanza, mpira ukavuka ukuta, hiyo uliiona. Halafu zamu ya nane akapiga ya 60. Watu hawakukaa tena chini. Uwanja mzima "MVP! MVP!", yaani mchezaji bora, mpaka naona saruji inatikisika chini ya miguu

Mama Neema: Mimi nililia. Nasema ukweli wangu. Mzee mmoja pembeni yetu, hatumjui hatujui alikotoka, alinishika bega akasema amekuwa akija tangu enzi za Kingdome, uwanja wetu wa zamani. Tukalia wote wawili.

Salma: Shangazi 😭❤️

Babu: Sasa nielewesheni. Homurani 60 kwa msimu ni nyingi kiasi gani? Maana nyinyi mnapiga kelele kila siku.

Mjomba Hamisi: Baba, katika historia yote ya ligi kuu ya Marekani waliofika 60 ni watu saba tu, na Cal Raleigh ndiye wa saba. Babe Ruth, Roger Maris, Mark McGwire, Sammy Sosa, Barry Bonds, Aaron Judge, halafu huyu wetu. Timu zipo 30, kila moja inacheza mechi 162, mwaka baada ya mwaka. Saba tu.

Mjomba Hamisi: Na katika hao saba hakuna mdakaji mwingine. Hapo ndipo watu hawajaelewa bado uzito wake. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, aliiweka Salvador Perez wa Kansas City mwaka 2021. Cal kaipita kwa 12.

Juma: Na anapiga pande zote mbili, kushoto na kulia. Rekodi ya watu wa namna hiyo ilikuwa ya Mickey Mantle, 54, mwaka 1961. Nayo kaivunja

Salma: Na rekodi ya timu yetu, 56, ya Ken Griffey Jr. Hiyo ndiyo iliyonigusa mimi. Griffey aliifikia mara mbili, 1997 na 1998, nikadhani haitaguswa maisha

Babu: Mdakaji ndiye yule anayechuchumaa na kofia ya chuma usoni?

Mjomba Hamisi: Ndiye. Baba, siku tukienda tena uwanjani usimwangalie akiwa na gongo. Mwangalie akiwa amechuchumaa. Goti moja chini, glovu mbele, na nyuma ya glovu hiyo mpira unakuja maili 97, 98 kwa saa. Mrushaji Andrés Muñoz akiingia kufunga mechi ndio usiseme. Mpigaji akiugusa mpira kidogo tu unabadili njia, unampiga Cal begani, kooni, kwenye kinyago. Anajikung'uta, anarudi chini. Zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Na kila mpira yeye ndiye anayeshauri urushwe upi, anabonyeza vitufe vya kile kifaa chake, mrushaji anasikia kwenye kofia. Amewasoma wapigaji wa timu pinzani wote tisa kabla ya mechi. Halafu anavua yale mavazi, anashika gongo, anapiga homurani.

Mjomba Hamisi: Wadakaji wengi wakifika Agosti miguu imeshaisha. Mtu wa kupiga 60 anatakiwa awe mtu anayepumzika. Huyu hapumziki.

Mama Neema: Kaka mimi nampenda kwa jingine. Mnakumbuka Julai, yale mashindano ya homurani kule Atlanta? Baba yake ndiye alikuwa anamrushia mipira, na mdogo wake wa miaka 15 ndiye anadaka nyuma. Akashinda, mdakaji wa kwanza kuyashinda. Familia nzima uwanjani inafanya kazi moja. Nikasema huyu kalelewa.

Babu: Hapo umenena mwanangu.

Juma: Sasa hoja. Zimebaki mechi 4. Rockies leo, halafu Dodgers wanakuja kuanzia kesho Ijumaa. Maris alipiga 61, Judge 62, na hiyo 62 ndiyo rekodi ya American League, nusu yetu ya ligi kuu. Cal anahitaji mbili kumfikia Judge, tatu kumpita. ACHEZE ZOTE

Neema: Zoteee 🙌

Mjomba Hamisi: Hapana.

Juma: Mjomba!!

Mjomba Hamisi: Hapana wanangu. Nisikilizeni kwanza.

Mjomba Hamisi: Mwaka 2001 nilikuwa kijana, nimefika Seattle karibuni. Timu ile ilishinda mechi 116. Mia moja na kumi na sita! Ililingana na rekodi ya Cubs ya mwaka 1906, na haijavunjwa hadi leo. Ichiro ndiyo kwanza kaja kutoka Japani, anakimbia kama hagusi ardhi, akachukua tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji mpya kwa pamoja. Kila usiku tulikuwa tunashinda. Tukajiona tumeshafika. Oktoba tukakutana na Yankees, tukatolewa 4 kwa 1. Basi. Baada ya hapo miaka 20 hatukuuona mchujo wa Oktoba, mpaka 2022 huyu huyu Cal alipopiga ile homurani dhidi ya Oakland iliyotuingiza.

Mjomba Hamisi: Ushindi 116 haukutupeleka World Series, fainali ya ligi kuu. Timu 30, na ni sisi peke yetu ambao hatujawahi kuingia hata mara moja. Tumeanza 1977, mwaka mmoja na Toronto. Toronto walishalichukua kombe 1992 na 1993. Sisi bado tunachungulia dirishani.

Salma: Baba umeniumiza asubuhi asubuhi

Mjomba Hamisi: Sikukusudia kukuumiza mwanangu. Nataka muone kwa nini msimu huu mimi nauamini kuliko ule wa 2001. Kweli kabisa nauamini zaidi, pamoja na ushindi 89 tu.

Juma: Mjomba 89 na 116 ni mbingu na ardhi

Mjomba Hamisi: Kwa msimu mrefu, ndiyo. Oktoba ni mambo mengine. Oktoba unamtaka mrushaji anayeweza kuinyamazisha timu nzuri usiku mmoja. Sisi tunao wangapi? Gilbert, Kirby, Castillo, Woo, Miller. Na tazama walivyoanza mwaka: Kirby bega, Gilbert mkono, Miller kiwiko. Tulicheza miezi tukiwa nusu, tukabaki kwenye mbio. Sasa wamerudi ndipo timu imewaka. Hawajachoka, baba zangu. Wapinzani wanamaliza mwaka na mikono imechakaa.

Salma: Ila Woo ametoka Ijumaa Houston kifua kimembana. Huyo ndiye aliyekuwa imara mwaka mzima. Hapo roho yangu haijatulia

Mjomba Hamisi: Hapo na mimi haijatulia. Sitakudanganya. Tumwombee tu apone.

Neema: Na wapigaji je? Maana mjomba miaka yote ulikuwa unalalamika wapigaji

Mjomba Hamisi: Ndiyo hapo! Miaka yote tulikuwa na warushaji wazuri na magongo baridi. Warushaji wanaruhusu mawili, sisi tunapata moja. Mwezi Julai viongozi wakafanya jambo nililolisubiri muda mrefu: wakaenda Arizona wakamchukua Josh Naylor, halafu wakamrudisha Eugenio Suárez. Sasa mrushaji wa upande wa pili akimkwepa Cal, anakutana na Julio. Akimkwepa Julio, anakutana na Naylor, na hapo nyuma bado wapo Polanco na Suárez. Hana pa kupumulia.

Mama Neema: Naylor namshangaa. Mtu mzito vile, si wa mbio hata kidogo, lakini anaiba vituo, anakimbilia kituo cha mbele kabla mpira haujapigwa!

Salma: Shangazi anasoma mrushaji. Anasogea kidogo, anasogea tena, mrushaji akiinua mguu tu keshaondoka. Mbio si miguu peke yake

Juma: Na Robles je, kule Houston wikiendi? 🤯

Babu: Huyo nilimwona. Hakuna wa kunisimulia.

Juma: Babu simulia wewe basi

Babu: Tunaongoza 6 kwa 4, zamu ya mwisho, wao wana watu vituoni, mmoja katoka. Mpira umepigwa kulia, mfupi, unaanguka. Wale wakimbiaji wameshajua umeanguka, wakaondoka. Huyu kijana akaja mbio, akajitupa kifudifudi, mkono umenyooka, akaudaka kabla haujagusa nyasi. Akainuka, akautupa kituo cha pili kabla mtu hajarudi. Wawili nje kwa mpigo, wametimia watatu. Mechi imekwisha. Nilisimama mwenyewe bila kushikwa.

Neema: 😭😭 babu!

Mjomba Hamisi: Na mtu huyo huyo Aprili aliumia bega kule San Francisco, kwa kujitupa vilevile kwenye wavu wa pembeni akifuata mpira. Akakaa nje mpaka Agosti. Mwingine angejifunza kuogopa. Kajitupa tena, dhidi ya Houston, kwao, kwenye mechi za kuamua kundi. Tukashinda zote tatu. Houston wametukalia miaka mingapi? 2022 walitutoa kwa mechi ya zamu 18, bao 1 kwa 0, nyumbani kwetu. Nilitoka pale uwanjani jioni miguu haina nguvu. Safari hii sisi ndio tumewaacha nyuma.

Mjomba Hamisi: Kwa hiyo turudi kwa Cal. Tukimaliza miongoni mwa mabingwa wawili bora wa ligi yetu, hatuchezi raundi ya kwanza, tunaanza Jumamosi ijayo, tarehe 4 Oktoba. Siku hizo za mapumziko ni dhahabu kwa magoti ya mdakaji. Namtaka Cal wa tarehe 4. Cal wa homurani 62 ninaweza kumkosa.

Juma: Mjomba nakuheshimu sana lakini sikubali. Huyu mtu kavumilia mwaka mzima. Rekodi kama hii haiji mara mbili. Akipewa mechi 4 halafu akakosa, sawa. Lakini kumkalisha benchi akiwa na 60? Yeye mwenyewe ataumia

Neema: Na watoto wanaokuja uwanjani kumwona yeye tu. Jana mbele yetu kulikuwa na mtoto kajitengenezea kinyago cha mdakaji kwa boksi, kakivaa mechi nzima, hata soda anakunywa kwa tundu lake

Salma: Baba, si kuna njia ya katikati? Acheze kama mpigaji maalumu. Anapiga tu, hachuchumai. Garver, mdakaji wetu wa akiba, adake nyuma. Amefanya hivyo mara nyingi mwaka huu

Juma: HIYO NAIKUBALI

Mama Neema: Salma umeokoa jahazi 👏

Mjomba Hamisi: Hmm.

Mjomba Hamisi: Siku mbili apige tu bila kudaka. Siku moja apumzike kabisa. Siku moja adake, maana lazima abaki na warushaji wake, mikono isisahauliane. Hapo tumepatana.

Juma: Siku moja apumzike kabisa dhidi ya Dodgers?? Ambao ndio mabingwa?

Mjomba Hamisi: Hasa dhidi ya Dodgers. Tukikutana nao tena mwisho wa Oktoba wawe hawajamwona vizuri.

Salma: Baba ameshatufikisha World Series tayari 😅

Mjomba Hamisi: Nimeshafika mwanangu. Kocha Dan Wilson alikuwa mdakaji wetu 1995, Edgar Martínez alipopiga ule mpira na Griffey akakimbia kutoka kituo cha kwanza mpaka nyumbani. Alikuwa mdakaji wetu 2001 pia. Yale maumivu anayajua kwa magoti yake mwenyewe. Edgar naye yupo, anawafundisha wapigaji. Agosti tulikuwepo Ichiro namba yake 51 ikitundikwa. Wote hao waliondoka bila kuionja World Series. Sasa wamekaa pale pale wanawatazama vijana hawa. Mnadhani hawawaambii kitu?

Mama Neema: Kaka unaniliza tena na niko kazini

Babu: Hamisi.

Mjomba Hamisi: Naam baba.

Babu: Huyu Cal mkataba wake unaisha lini? Isije ikawa tunampenda halafu New York wakamchukua.

Mjomba Hamisi: Usiwe na wasiwasi baba. Machi mwaka huu alisaini miaka 6, dola milioni 105. Yupo na sisi.

Babu: Basi vizuri.

Neema: Tarehe 4 tunaangalia wapi? Nikipata tiketi nawaambia, nisipopata tukutane kwetu

Mama Neema: Kwetu. Kila mtu aje mapema, na wa kwenda uwanjani wapande treni, siku hiyo magari hayatapita kabisa.

Juma: Mimi naleta spika ile kubwa

Babu: Mniwekee kile kiti cha karibu na televisheni. Na safari hii zamu ya tano mtu asiniambie nikalale.

Salma: Babu hakuna wa kukugusa

Juma: Leo jioni Rockies tena. Mjomba, Cal akipiga ya 61 leo utashangilia au hutashangilia?

Mjomba Hamisi: Nitapiga kelele mpaka majirani wagonge ukuta. Halafu nitasema kesho apumzike.