Kwa nini wingi wa nomino za Kiingereza haufuati kanuni moja?

Mwanagenzi:
Ndugu zangu, ninajifunza Kiingereza kwa kujisomea, na nimekwishaelewa kwamba nomino nyingi huongezwa “s” katika wingi, kama “book” na “books”. Kinachonitatiza ni zile zinazokwenda kinyume. “Church” huwa “churches”, lakini “stomach” huwa “stomachs” tu. “Wolf” huwa “wolves”, ilhali “chief” hubaki “chiefs”. “Foot” hugeuka “feet”, na “sheep” haibadiliki kabisa. Je, kuna mantiki ya kushika, au ni kukariri tu?

Sikio la Lugha:
Mantiki ipo, ila huipati kwa kutazama herufi, sikiliza matamshi. Kiishio cha wingi hutamkwa “s” baada ya sauti sighuna, yaani zisizotetemesha nyuzi za sauti kooni, kama p, t na k, kwa mfano “cups”, na hutamkwa “z” baada ya irabu na sauti ghuna, yaani zinazozitetemesha nyuzi hizo, kama katika “days” na “dogs”. Neno likiishia kwa sauti kama s, z, sh, ch au j, irabu fupi hupenyezwa katikati, kwa kuwa ni vigumu kuzitamka sauti hizo zikifuatana na “s” moja kwa moja. Ndipo tunapata “boxes”, “dishes” na “churches”. Sasa rudi kwenye “stomach”: maandishi yana “ch”, lakini kinywa hutamka k, kwa hiyo irabu hiyo haihitajiki. Kuhusu “y”, kanuni ni ya tahajia tu: ikitanguliwa na konsonanti hugeuka, kama “city” na “cities”, ikitanguliwa na irabu hubaki ilivyo.

Mchimbuzi:
Hayo ni kweli, lakini “feet” haielezeki kwa matamshi ya leo. Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla na karibu na mwaka 1066 Wanormandi walipoitwaa Uingereza, kilikuwa na makundi kadhaa ya nomino, kila moja na namna yake ya wingi, jambo lisilomshangaza mtu aliyezoea ngeli. Kundi lililotumia “-as” ndilo lililotuachia “s” ya leo, na mengine yakabakiza masalia. Katika “feet”, “teeth”, “geese” na “mice”, zamani zaidi kulikuwa na kiishio chenye irabu i, ambayo iliivuta irabu ya shina kuelekea mbele ya kinywa; baadaye kiishio kikadondoka, badiliko likabaki. “Book” nayo ilikuwa katika kundi hilo kabla ya wasemaji kuihamisha. “Sheep” ni ya kundi ambalo wingi wake haukuwa na kiishio. Katika “wolves”, f iliyokaa kati ya sauti ghuna ilitamkwa v, na “chief” ilinusurika kwa sababu iliingia baadaye kutoka Kifaransa. Ninayoipenda kuliko zote ni “children”, ambayo ni wingi juu ya wingi: neno lilikuwa tayari na kiishio chake chenye r, kisha likaongezwa kile cha “oxen”.

Mhariri:
Historia hiyo ni tamu, lakini kwa maoni yangu haigusi kosa tunalolifanya mara nyingi zaidi. Wachache huandika “foots”. Wengi huandika “informations”, “advices”, “furnitures” na “equipments”. Nomino hizo hazihesabiki kwa Kiingereza, kwa hiyo hazipokei “s” wala haziwezi kutanguliwa na “a”; ukitaka kutaja ushauri mmoja, sema “a piece of advice”. Tena kitenzi kiangaliwe: “news” ina “s” lakini huchukua kitenzi cha umoja, na “police” haina “s” lakini huchukua cha wingi.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana. Swali la mwisho: “phenomenon” na “octopus” je?

Mchimbuzi:
“Phenomenon” ilitoka Kigiriki na imekuja na wingi wake, “phenomena”, sawa na “criterion” na “criteria”. Usiseme “a criteria”. Kwa “octopus”, baadhi husema “octopi” wakilidhani neno ni la Kilatini lenye wingi wa “-i”, ilhali asili yake ni Kigiriki. Andika “octopuses”, na hakuna atakayekusahihisha.