Mjadala: Muuguzi akiwa anagawa dawa, tumwache amalize?

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, naomba tulijadili hili. Kila tukizungumzia makosa ya wodini tunaishia palepale: wauguzi ni wachache, serikali iajiri. Iajiri, sipingi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa 2002, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Lakini hawa tulionao tunawatumiaje? Sista anasukuma troli ya dawa. Ndugu anamuuliza bili, simu ya maabara inaita, daktari anataka faili, na bado kuna mtu wa kutumwa famasi. Huko Sydney, Australia, watafiti walifuatilia wauguzi 98 wakitoa dawa. Matokeo yao ya 2010: zaidi ya nusu ya dawa zilitolewa huku muuguzi akikatizwa, na kila alipokatizwa makosa ya kitabibu, kama dozi isiyo sahihi, yaliongezeka kwa karibu asilimia 13.

Msimamo wangu: saa ya dawa, anayegawa avae kizibao cha kumtambulisha na asiitwe na mtu. Risiti, sampuli na safari za famasi apewe mhudumu.

Ndugu wa mgonjwa, Mafinga: Mimi hapana. Mama yangu akibanwa kifua nisubiri troli ifike kitanda cha mwisho? Sisi tunaouguza ndio macho ya wodi.

Muuguzi, Tukuyu: Aliyeleta hoja, usiku huyo wa kupokea simu ni nani? Kuna zamu niko mimi na mhudumu mmoja, naye kaenda maabara. Kizibao hakitanisaidia. Mnaotaka kutusaidia anzieni kwenye maandishi. Mgonjwa huyohuyo namwandika kwenye chati, kitabu cha ripoti na rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), halafu naingia kwenye kompyuta. Muda wangu unaishia hapo.

Mleta hoja: Kaka wa Mafinga, kubanwa kifua ni dharura, piga kelele hata kama kizibao kimevaliwa. Ninachokataa ni bili kumfuata muuguzi kitandani kwa mgonjwa. Bili ina dirisha lake.

Sista wa Tukuyu, kwa usiku nakubali, hoja yangu haisimami bila mtu wa pili. Basi simu za wodi saa ya dawa zihamie kwa msimamizi wa zamu, na sampuli zisizo za haraka zisubiri nusu saa. Hilo halihitaji kibali cha ajira, mkuu wa wodi anaweza kulipanga kwenye ratiba. Na la kuandika mara nne nimelichukua, ni zito kuliko kizibao changu.

Walioko Iringa, Njombe na Songwe: kwenu usiku nani anatumwa famasi, na wodi inabaki na nani?