Mabasi ya Mumbai yananitoa jasho, niko na mamangu mgonjwa, nisaidieni

BintiKisauni
Asalaam aleikum wadau. Niko Mumbai na mamangu, tumemleta kwa matibabu ya kansa, alhamdulillah anaendelea vizuri, shida yangu si hospitali shida yangu ni mabasi!! Hospitali iko Parel na sisi tumepanga chumba Kurla kwa sababu vyumba vya karibu bei yake si mchezo. Teksi kwenda na kurudi pesa inakwisha hivi hivi naiona, ndo nikasema si kuna haya mabasi mekundu, wenyeji wanapanda, na sisi tupande.

Jamani. Kwanza sijui lipi laenda wapi, mbele kumeandikwa maandishi yao na hata namba ni za kwao, mie bado nimekodoa macho watu washapanda na basi lishaondoka. Pili hakuna makanga wa kuita abiria. Kwetu hata ufunge macho utaskia hii ya Bamburi hii ya Mtwapa, huku kimya, ukiuliza mtu anakujibu Kihindi. Juzi mamangu ashaweka mguu mmoja kwa ngazi basi likaanza kwenda, mzee mmoja akagonga bati kwa mkono akipiga kelele ndo likasimama, roho yangu ilikua mkononi. Ndani nako tumebanana kama feri ya Likoni asubuhi ya Jumatatu, na kondakta anataka nauli mie nina noti ya mia tano peke yake, akanitizama akaguna.

Kuna mtu ashakaa huku anielekeze? Ama nirudi tu kwa teksi niwaombe ndugu wachange tena? Na Uber msiniambie, hesabu nshapiga.

mzee_wa_kibokoni
Waaleikum salaam, pole mwanangu, Allah ampe mama shifaa. Mie nilikua huko na marehemu babangu kwa sababu hizo hizo.

Namba usiziogope. Ubavuni karibu na mlango zimeandikwa namba zetu hizi za kawaida, tatizo ni kua basi likija unaona uso wake, ubavu unauona lishafika. Kwa hivyo kaa jioni moja uzijue zao. १ ndio moja, na hii ndio inapoteza wageni maana jicho linasoma tisa. २ na ३ utazitambua tu. ४ ni nne lakini utaapa ni nane. ५ tano, ६ ni sita, ni ile tatu yetu imegeuzwa inatizama upande wa pili, ७ saba, ८ nane, ९ tisa, sufuri haijabadilika. Ziandike kwa karatasi uzibandike nyuma ya simu. Mie baada ya siku chache nilikua nasoma basi lingali mbali na wenzangu wa Pumwani wananishangaa.

Ukiona herufi A mbele ya namba hilo ni la AC. Na kuna mabasi ya Limited, hayasimami vituo vyote, usipande kabla hujauliza.

Kaka_Mtongwe
Mbona mnamzungusha dada wa watu, achukue tuktuk. Ziko tele huko na ni rahisi kushinda teksi.

mzee_wa_kibokoni
@Kaka_Mtongwe tuktuk za Mumbai haziruhusiwi kuingia upande wa kusini wa mji. Zinakomea Bandra upande mmoja na Sion upande wa pili. Parel iko ndani zaidi.

Kaka_Mtongwe
Aaah. Hio sikua naijua. Basi si apande tuktuk Kurla mpaka Sion, pale ndo achukue teksi ya mita, kipande kilobaki si kirefu. Bado itakua nafuu kuliko teksi toka mwanzo.

Mamake_Swafaa
Hapo sasa umesema la maana. Tuktuk mita inaanza rupia 26 na teksi 31, hizo ni bei za tangu Februari 2025, na mwambie dereva awashe mita kabla hujakaa, akileta maneno shuka kuna mwengine nyuma yake.

Lakini dada mie ningekua wewe ningepanda treni. Najua utasema treni za Mumbai tumeziona kwa video watu wananing'inia, subiri nikwambie. Kila treni ya local ina behewa la walemavu, na wagonjwa wa kansa wanaruhusiwa kupanda hilo, na waja wazito pia. Tembea na faili la hospitali ndani ya mkoba maana wakaguzi wapo na mtu asiehusika akikutwa humo anapigwa faini. Kurla na Parel ziko kwa laini moja, ile ya Central, unapita Sion, Matunga, Dadar, kisha Parel. Panda SLOW, zile fast nyingi hapo hazisimami. Pale jukwaani kuna alama ya behewa hilo, simama hapo hapo kabla treni haijaingia, kwa sababu inasimama nusu dakika hivi na haimngojei mtu.

Saa ndio jambo kubwa. Asubuhi mji wote unateremka kusini kuelekea CSMT na Churchgate, stesheni za mwisho wa laini, jioni wote wanarudi kaskazini, na nyinyi mnaenda na hilo wimbi lenyewe. Kama daktari anaweza kuwapa miadi ya saa tano ama saa sita, ombeni. Na mvua ikinyesha msiwe na haraka na lile daraja la miguu la stesheni ya Parel, pale ndipo watu walipokanyagana Septemba 2017 wakafa, siku ya mvua, kila mtu amejibanza juu. Sasa pamejengwa zaidi lakini mgonjwa ni mgonjwa.

BintiKisauni
Wallahi hakuna hata mmoja huku alieniambia habari ya behewa la wagonjwa!! Ahsante sana dada. Tatizo ngazi za stesheni, mamangu akipanda chache tu anataka kukaa. Na je siku nikiwa peke yangu, naenda kununua vitu, basi nalipanda vipi nisikanyagwe?

Mamake_Swafaa
Ngazi uliza lifti, stesheni kubwa zinazo lakini kuzipata ndio kazi, ziko pembeni. Siku mama amechoka fanyeni ile ya Kaka_Mtongwe ya Sion, usimlazimishe.

Ukiwa peke yako basi si baya. Siti za upande wa kushoto ni za wanawake, ukikuta mwanamme amekaa mwambie "ladies" na umtizame, atasimama. Mie mwanzo nilikua naona haya, nikasimama njia nzima huku jamaa amelala kwenye siti yangu.

mzee_wa_kibokoni
Na pesa ndogo. Nauli inaanzia rupia 10 basi la kawaida, 12 la AC, zamani ilikua 5 na 6 wakapandisha Mei 2025. Ukinunua chai nunua kwa noti kubwa, chenji uiweke mfuko wa peke yake. Au weka programu ya Chalo kwenye simu, utaona basi liko wapi kwa ramani, hutakodoa macho tena.

pwani_msafiri
Tena foleni ya kituoni iheshimu dada, Mumbai watu wanapanga laini kwa basi, sio huku kwetu Mwembe Tayari mwenye kiwiko ndie mwenye siti 😂

BintiKisauni
😂😂 mie na kiwiko changu ndo maana walikua wananitizama vile. Haya kesho miadi yetu ni saa nne, tunajaribu hio treni slow. Mamangu ashasikia kuna stesheni inaitwa Masjid na ati ukishuka hapo uko karibu na Mohammed Ali Road kwenye kebabu, daktari hatumwambii.

Mamake_Swafaa
Ni laini hio hio, mkitoka Parel mnaendelea kusini, Masjid ni ya mwisho kabla ya CSMT. Nendeni mchana. Usiku wa Ramadhani pale hata mzima hapiti, sembuse mgonjwa.