AWD imekwama kwenye theluji nzito, tairi zinazunguka bure, naombeni msaada

Msafiri_K
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wa haraka. Gari yangu ni AWD, otomatiki, imekwama tangu asubuhi kwenye njia ya kutoka nyumbani kwenda barabara kuu, theluji imeanguka usiku kucha na sasa hivi imepita usawa wa bampa la mbele. Nilipotoka ilienda vizuri urefu wa kama gari mbili tatu hivi, ikaanza kuwa nzito, ikasimama, na tangu hapo nikikanyaga mafuta tairi zinazunguka ila gari haisogei, taa ya traksheni (mfumo wa kuzuia tairi kuteleza) inawakawaka kwenye dashibodi na injini inakata nguvu yenyewe. Mke wangu kasukuma kwa nyuma wapi. Ninachoshindwa kuelewa, hii inavuta tairi zote nne, sasa inakwamaje? Niendelee kukanyaga mpaka itoke au nitaua giaboksi? Nina koleo na kamba ya kuvutia.

Fundi_Jioni
Mkuu toa mguu kwenye mafuta kwanza. Tairi ikizunguka palepale inapata joto, inayeyusha theluji, yale maji yanaganda tena na unabaki na barafu inayong'aa chini ya kila tairi, yaani unajitengenezea kazi ya pili. Giaboksi nayo inachemka hasa kama ni CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), na kwenye gari nyingi ile klachi inayopeleka nguvu nyuma ikizidiwa na joto inaachia kwa muda, unabaki unavuta mbele tu.

Sasa chukua tochi, piga magoti uchungulie chini ya gari. Kwa jinsi ulivyoeleza, ilienda, ikawa nzito, ikasimama, hiyo gari imekalia theluji kwa tumbo. AWD inagawa nguvu kwenye tairi, haiinui gari. Gari nyingi za familia za aina hiyo tumbo liko sentimita 15 hadi 22 tu kutoka chini, theluji ikizidi hapo gari inaipanda na kuishindilia, uzito unahama kutoka kwenye tairi unakuja tumboni, tairi zinabaki zinapapasa tu, kama kobe aliyewekwa juu ya gogo. Hapo hata ungekuwa na tairi nane zinazovuta ni bure.

DadaUsukani
Kaka Msafiri kabla hujafanya lolote nenda nyuma ukaangalie eksozi. Kama imezibwa na theluji ZIMA injini saa hii hii na usimwache mtu ndani anaota heta. Moshi ukikosa pa kutokea unaingia ndani ya gari, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa kizito na usingizi halafu basi. Fukua mpaka bomba lote lionekane na pembeni yake pawe wazi, na kama theluji bado inaanguka rudi kukagua kila baada ya muda mfupi. Naomba mnisamehe nikionekana napiga kelele lakini hili linaua watu kweli, watoto wanakuwa wamefungiwa ndani wasipate baridi na mzazi yuko nje anachimba.

Msafiri_K
Asante dada, nimezima na nimefukua, ilikuwa imefunikwa nusu. Nimechungulia pia, Fundi umesema kweli, theluji imejaa chini yote imeshindiliwa ngumu kama sakafu. Sasa naanzia wapi?

Fundi_Jioni
Anzia tumboni, watu wengi wanachimba kwenye tairi tu wanachoka bure. Injini ikiwa imezimwa, simama pembeni ya gari, ingiza koleo kwa chini uwe unavuta theluji kuja kwako, usiingize mwili chini ya gari. Ukimaliza upande huu hamia wa pili. Utaona gari inashuka kidogo, hiyo ndiyo dalili nzuri, maana yake uzito umerudi kwenye tairi. Halafu ndiyo fukua mbele na nyuma ya kila tairi, na ile barafu uliyotengeneza ivunje kwa ncha ya koleo. Tupa theluji mbali, usiirundike njia utakayotokea. Nenda taratibu, kazi hii inachosha moyo.

Ukishamaliza usilazimishe kwenda mbele. Rudi rivasi kwa njia uliyojia, pale theluji umeshaikanyaga. Usukani unyooke kabisa, zima traksheni kwa kile kitufe, gusa mafuta kidogo tu. Ikisogea hata nusu mita ikagoma, weka D uende mbele kidogo, kisha rivasi tena, lakini gari isimame kwanza ndiyo ubadilishe gia.

Tope_na_Mchanga
Mimi hapo kwenye kuzima traksheni sikubali moja kwa moja. Difu za kawaida (zile zinazogawa nguvu kati ya tairi) zinapeleka nguvu kule kwenye tairi inayoteleza, na huo mfumo ndio unaoibana kwa breki ili ile yenye mshiko ipate nguvu, ukizima unaweza kuta tairi moja inazunguka na nyingine zimetulia.

Fundi_Jioni
Ni kweli, ila huo mfumo pia unakata nguvu ya injini, na kwenye theluji nzito unahitaji tairi zizunguke kidogo. Ndiyo maana vitabu vingi vya gari vinasema zima ukikwama, washa ukishatoka. Gari zinatofautiana, ajaribu zote mbili. Kama ina kitufe cha kufunga difu ya kati akifunge.

Tope_na_Mchanga
Sawa mkuu. Nyongeza, weka mchanga au kapeti za gari mbele ya tairi kwa upande unaoelekea, na mtu asisimame usawa wa tairi maana kapeti linaruka. Kupunguza upepo, mfano toka PSI 32 hadi 20, nako kunasaidia ila uwe na pampu karibu. Kamba usifunge kwenye bampa wala kwenye vyuma vya tairi, angalia ndani ya buti kuna pete ya kuvutia inayofungwa kwa kuzungusha kwenye tundu lake pale kwenye bampa, na wakati wa kuvuta watu wakae mbali, kamba ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuua.

DadaUsukani
Na tairi zako ni za aina gani kaka? Mpira wa tairi za kiangazi unakakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Angalia ubavuni kama kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi.

Msafiri_K
IMETOKA wakuu!! Tumechimba tumboni pande zote, kapeti mbili nyuma, rivasi taratibu ikatoka yenyewe, kamba hata sikuigusa. Tairi zina M+S tu, nitabadilisha. Ila sasa nikifika mwendo wa 50 usukani unatetemeka sana, nimevunja kitu?

Fundi_Jioni
Hongera sana! Simama mahali salama uangalie ndani ya rimu, theluji imeganda humo upande mmoja imeharibu balansi. Igonge taratibu kwa mti au uikwangue itoke yote, rimu zote nne, na usafishe shoo ya mbele rejeta ipate hewa. Ikiendelea kutetemeka rimu zikiwa safi, hapo ndiyo umpelekee fundi.

Msafiri_K
Ni barafu kweli, tairi ya mbele kushoto ilijaa. Nimekwangua, imetulia. Asanteni sana.