Binti yangu amenyamaza tangu aingie kidato cha kwanza, nifanyeje?

MamaKibirizi: Habari za jioni wadau. Nina binti kidato cha kwanza hapa Kibirizi, Kigoma. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na mkono wake ulikuwa haushuki darasani. Sasa karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, na mtoto amenyamaza. Nilipombana akasema, "Mama, nikijibu wananiita mzungu wa Kibirizi, eti najidai." Na shuleni kwao anayekutwa akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Huku anachekwa, huku anaadhibiwa. Nimtafutie tuisheni? Au nimlazimishe tuongee Kiingereza nyumbani?

Mwalimu_Tabora: Pole sana mama. Usimlazimishe. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na watoto kama huyo huwapokea kila Januari: akili anayo, anachoogopa ni kugeuka mtu mwingine mbele ya wenzake. Zoltán Dörnyei, mtafiti kutoka Hungaria, alieleza mwaka 2005 kwamba mwanafunzi husukumwa na picha yake mwenyewe ya kesho, akiwa anaitumia lugha ile. Kuna picha anayoitamani moyoni na kuna ile anayobebeshwa na wazazi na mitihani. Binti yako naona ana hiyo ya kubebeshwa tu. Nyerere alisoma hapa Tabora, na kwao alitoka na Kizanaki. Kiingereza alikijua hadi akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na akabaki Mzanaki. Msimulie.

MhaWaKasulu: Dada, mimi nilichekwa kwa Kiswahili changu chenye Kiha ndani, nikachekwa tena kwa Kiingereza. Kilichonifungua mdomo ni kazi ya boti, kupeleka wageni Gombe. Waliuliza habari za ziwa, na mwenye kuzijua nilikuwa mimi. Makosa niliyasahau. Halafu hilo la kibao, nenda ukaongee na mwalimu wa darasa kwa upole. Mtoto anafundishwa kuwa lugha ya kwao ni kosa, inauma sana.

MamaKibirizi: Asanteni mno. Jana usiku nilimuuliza, mgeni akifika hapa ufukweni ungemweleza nini? Alieleza karibu nusu saa kwa Kiswahili: karabai, nyavu, kwa nini mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawatoki. Leo asubuhi kaja na daftari, anataka kuyaandika kwa Kiingereza. Tumekwama kwenye kuanika dagaa. Mwalimu, hapo mnasemaje?