Fegi za reja, pakiti, vepu au kuacha: ipi inaokoa hela kweli?

Kabwela wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulichambue hili kihesabu, mahubiri tuyaweke pembeni kwanza. Navuta sigara kama kumi kwa siku. Kwa mangi wa mtaani kwetu moja ni 300, pakiti ya 20 ni 5,000. Nikinunua reja ni 90,000 kwa mwezi, nikinunua pakiti ni 75,000. Kwenye karatasi pakiti inashinda. Lakini mwezi wa pakiti hela huwa inakata mapema, maana ikikaa mfukoni mkono unakwenda wenyewe, na kijiweni ukiitoa tu watu wanne wanasema "mkuu nigee moja".

Kuna jamaa Kariakoo ananishawishi nichukue vepu, ile sigara ya umeme. Kuna anayesema nihamie chapa ya bei ya chini. Mzee mmoja hapa jirani ananisifia ugoro. Mke anasema niache. Nyie mnaonaje?

Jino kwa Jino
Reja, hakuna mjadala. Unachukua moja, unawasha kwa kile kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani, unaondoka mikono mitupu. Nani atakuomba? Labda atakayekuambia "niachie nusu".

Mama Wawili Tanga
Mleta mada, hesabu yako ina tundu. Umesema una mke. Kabla hujaingia ndani unatafuna nini?

Kabwela wa Mbagala
Pipi za kifua, dada. Ya 100, kila baada ya fegi.

Mama Wawili Tanga
Basi kumi kwa siku ni 1,000, kwa mwezi 30,000. Theluthi nzima ya hela ya fegi unailipia harufu! Na hapo sijagusa pafyumu. Wangu ana kichupa kwenye bodaboda, anajimwagia akifika kona ya nyumbani, anadhani sijui. Ninajua tangu tunachumbiana.

Dada wa Pazia
Nimecheka ila inauma. Mimi ni mwanamke na navuta. Mwanaume akisimama dirishani kwa mangi akasema "nipe mbili", hakuna anayegeuka. Nikisema mimi, waliokuja kununua unga na mkaa wote wananyamaza, na mangi anauliza, "Za nani?" Zamani nilikuwa nasema za fundi. Sasa fundi gani huyo anajenga mwaka mzima na nyumba haina hata tofali jipya?

Siku hizi namtuma bodaboda, namwongeza buku. Pakiti yangu kwa hiyo ni 6,000, yaani 300 kwa moja, bei ile ile ya reja mnayoisifia. Reja kwangu haiwezekani, siwezi kumtuma mtu mara kumi. Baba mwenye nyumba anavuta barazani mbele ya wajukuu na anaitwa mzee wa busara. Mimi nikigundulika natafutiwa jina la uchangudoa. Msiniambie watu wanachukia moshi. Wanachagua wa kumchukia.

Ploti ya Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Huku sheria ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na pakiti isipungue kumi. Nenda kibanda chochote uone inavyofuatwa. Kinachouma ni kuvuta hadharani nje ya sehemu iliyotengwa: faini hadi 50,000 za Kenya, au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hivyo nikiwa kazini mjini natembea hadi kule tulikotengewa, tunabanana kwenye moshi mmoja, wapita njia wakituangalia kama wagonjwa wa karantini. Lakini nikiri kitu: ule mwendo umenipunguzia kuliko ushauri wa mtu yeyote. Mvua ikinyesha sivuti.

Mtoto wa Mabani
Mimi ni wa Urambo, Tabora. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye tumbaku ya mvuke. Usiku tulikuwa tunachochea moto wa bani, lile banda la kukaushia majani, kwa zamu, maana joto likiyumba majani yanaharibika rangi, na mnunuzi akija sokoni anakushusha daraja bila huruma. Kilo inapangiwa bei kwa dola. Mzee wangu mwenyewe hajawahi kuweka fegi mdomoni, na sadaka yake kanisani haikuwahi kurudishwa kwa sababu ya ilikotoka. Halafu huyo anayechoma moja barabarani ndiye anaonekana mhuni.

Jino kwa Jino
Sawa mkuu, rudi kwenye mada. Ipi nafuu?

Mtoto wa Mabani
Kulima na kuuza. Kuvuta ni hasara.

Mbeba Boksi
Mnalalamikia 5,000? Huku Uingereza hakuna reja, pakiti ndogo kabisa kisheria ni ya 20, na inavuka pauni 12. Haina hata rangi za chapa, zote zinafanana tangu 2017, na picha za mapafu juu. Wengi wetu tunasokota wenyewe, tumbaku ya mfuko na karatasi. Inashusha gharama, ila vidole vinageuka njano na kazini wanajua.

Kuhusu vepu: zile za kutumia na kutupa zilipigwa marufuku huku Juni 2025. Za kujaza zipo, na kwa bei zetu zinaokoa hela. Kwa bei za Mbagala sina uhakika. Utanunua kifaa, kimiminika, koili za kubadilisha, na ikizingua unarudi Kariakoo na nauli yako. Tena fegi ina mwisho, unafika kwenye kichungi unatupa. Vepu haina kipisi. Unainyonya mpaka umelala.

Dirisha la Dawa
Mimi ni mfamasia, nitaongea kidogo halafu nitawaachia uwanja.

Kuhamia chapa ya bei ya chini, kama ina nikotini pungufu, kunaokoa hela ya wiki ya kwanza tu. Mwili unachodai ni nikotini, ukiupunja unavuta pafu ndefu zaidi, unafika hadi kwenye kichungi, kisha unaongeza idadi. Hiyo ndiyo sababu wanaopunguza kutoka kumi hadi tano mara nyingi hawapati nafuu waliyotegemea kifuani. Ugoro ni tumbaku ile ile bila moshi, unahamishia tatizo kwenye fizi na mdomo.

Big ji za nikotini, zile za kusaidia kuacha, zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, ingawa si kila famasi inazo, na si rahisi kibei. Ila zina mwisho: dozi ni kama wiki 12, unapunguza taratibu. Anayewasha fegi ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka anaanza na za miligramu 4, mwingine za 2. Watu wanazishindwa kwa sababu wanazitafuna kama bazoka. Tafuna taratibu mpaka usikie inawasha, kisha ibanie shavuni. Ikipoa, tafuna tena. Usinywe soda wala kahawa robo saa kabla, zinazuia nikotini isiingie vizuri.

Arosto inapanda zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Ukizivuka hizo, kilichobaki ni mazoea ya mkono na kijiwe.

Ustaadh wa Pwani
Mfungo unawaumbua wavutaji. Unakaa tangu alfajiri hadi adhana ya magharibi bila hata pafu moja, na hufi. Ila wengi tukishapiga tende tu tunakimbilia nje, ya kwanza inakuzungusha kichwa hadi unashika ukuta. Anayetaka kuacha aanzie hapo, asiwashe ile ya jioni. Nusu ya kazi keshaifanya mchana.

Kabwela wa Mbagala
Nimewasoma wote. Vepu nimeitoa. Ugoro nimeutoa. Pakiti nayo naiacha, kijiwe kitanifilisi. Jumamosi napita famasi kuulizia bei ya big ji za miligramu 2, maana ya kwanza huwa navuta nikifika kazini. Na pipi naziacha leo, mke nitamwambia ukweli.

Mama Wawili Tanga
Anajua, kaka. Mwambie tu ile 30,000 uiweke kwenye kibubu chake.

Dada wa Pazia
Dirisha la Dawa, hizo big ji mnauza bila kuuliza "za nani"?

Dirisha la Dawa
Hatuulizi. Njoo.