Ufunguo wa utambuzi: tuwape wanafunzi uliotayarishwa, au watunge wa kwao?

Mwalimu_wa_Baiolojia

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninaandaa mada ya uainishaji wa viumbe hai, na naomba tulinganishe njia mbili za kufundisha ufunguo wa utambuzi. Ya kwanza ni kumpa mwanafunzi ufunguo uliokwisha kuandikwa, wenye jozi za kauli zilizopewa namba, naye afuate hatua kwa hatua mpaka afikie jina la kiumbe. Ya pili ni kumwekea vielelezo mezani na kumwacha atunge wa kwake. Njia ya kwanza inamalizika ndani ya kipindi kimoja na kusahihisha kwake ni kwepesi. Ya pili inakula muda, na darasa zima linaweza kuleta funguo zisizofanana ambazo zote ni sahihi. Mimi ninaelemea ya pili, lakini ningependa kuwasikia wanaotetea ya kwanza.

Mkufunzi_Mstaafu

Mimi ni mmoja wao, angalau kwa hatua ya kuanzia. Lamarck, mwanasayansi wa Ufaransa, alitumia ufunguo wa aina hii kwa mimea ya Ufaransa mwaka 1778, na muundo huo umedumu kwa sababu unamlazimisha msomaji kuamua juu ya jambo moja kabla ya kwenda kwenye jingine. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuufuata ufunguo mzuri hana kipimo cha kuutambua ulio mbovu. Mwambie atunge siku ya kwanza, naye ataandika "ni mkubwa" dhidi ya "ni mdogo", au "anaishi majini" kwa mdudu aliyekwisha kufa na kulazwa juu ya sahani. Mpe kwanza vielelezo vinne, yaani panzi, buibui, tandu na jongoo, pamoja na ufunguo wa jozi tatu: miguu sita dhidi ya zaidi ya sita, miguu minane dhidi ya zaidi ya minane, na mwisho, jozi moja ya miguu kwa kila pingili, ambaye ni tandu, au jozi mbili kwa pingili nyingi, ambaye ni jongoo.

Lenzi_ya_Mkononi

Kwa heshima zote, Mkufunzi, hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Panzi na buibui wanajulikana na kila mtoto kabla hajafungua daftari, kwa hiyo anaanza na jina kisha anaurudia ufunguo kinyumenyume ili aonekane ameufuata. Ukitaka ufunguo ufanye kazi kweli, weka viumbe wanaodanganya macho. Mfano ninaoupenda ni kumbikumbi na sisimizi wenye mabawa, kwa kuwa wote wawili wana mabawa manne na wote hutoka kwa makundi. Chini ya lenzi wanaachana kabisa: kumbikumbi ana mabawa yanayolingana urefu, kiuno kipana na vipapasio vilivyonyooka vyenye vipande mfano wa shanga, ilhali sisimizi ana mabawa ya mbele yaliyo marefu kuliko ya nyuma, kiuno chembamba sana na vipapasio vilivyopinda katikati. Mwanafunzi akiandika mwenyewe kauli ya "mabawa yote manne yana urefu sawa", ameitazama sifa hiyo. Akiisoma kwenye karatasi, huenda ameipita tu.

Ubao_na_Chaki

Nadhani kuna ulinganisho mwingine uliosahaulika, nao ni mchoro wa matawi dhidi ya orodha yenye namba. Anzeni na matawi ubaoni, kisha wanafunzi wayageuze kuwa orodha. Kwa vielelezo vinane mtahitaji jozi saba za kauli kwa vyovyote vile, lakini anayegawa kundi nusu kwa nusu hufikia kila jina kwa hatua tatu, na anayechomoa kiumbe kimoja kimoja atalazimika kupita hatua saba kwa wale wa mwisho. Tofauti hiyo huonekana waziwazi kwenye mchoro, lakini kwenye orodha imejificha, na anayepewa ufunguo tayari hana sababu ya kuitafuta.

Jani_Ambatani

Ninaunga mkono kutunga, ila natahadharisha kuhusu mimea. Wanafunzi wengi huona kipande kimoja cha jani ambatani, yaani jani lenye vipande vingi kwenye kikonyo kimoja, na kukiita jani sahili, yaani jani lisilogawanyika vipande, na tangu hapo ufunguo wote unapotoka. Dawa yake ni kuwataka watafute chipukizi, ambalo hukaa kwenye kwapa la jani zima, pale kikonyo kinapoungana na tawi, wala halipatikani chini ya vile vipande vidogo. Kwa hiyo leteni vitawi. Majani yaliyochumwa moja moja hayafai. Kuhusu programu za simu zinazotaja jina baada ya kupiga picha, nitasema kwa ufupi kwamba zinafaa kwa kuhakiki baada ya kazi, kwa kuwa zinatoa jina bila kumpa mwanafunzi sababu anayoweza kuijadili.

Mkufunzi_Mstaafu

Hoja ya kumbikumbi ninaikubali. Ninalotaka tusilipite ni kwamba kutambua na kuainisha ni kazi mbili. Ufunguo unaoanza na "ana mabawa" utamweka popo tawi moja na njiwa, na bado utamtambua sawasawa, ingawa popo ni mamalia anayenyonyesha watoto wake. Hata Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoipanga mimea mwaka 1735 kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, alipata mpangilio rahisi kutumia lakini uliokusanya pamoja mimea isiyo na undugu wa karibu. Njia yoyote utakayoichagua, liseme hilo darasani, kwa maana mitihani imejaa majibu yanayodhani kwamba matawi ya ufunguo ni ukoo.

Mwalimu_wa_Baiolojia

Nashukuru sana. Basi nitatoa ufunguo mfupi uliotayarishwa kwa nusu ya kipindi cha kwanza, kisha watatunga kwa vikundi kwa kutumia vitawi na wadudu wanaofanana. Linalonisumbua sasa ni jinsi ya kutoa alama wakati kila kikundi kitakuwa na ufunguo wake.

Lenzi_ya_Mkononi

Vikundi vibadilishane funguo, na kila ufunguo upimwe kwa watu ambao hawakuuandika. Halafu chomeka kielelezo kimoja ambacho hakimo katika ufunguo wowote. Ufunguo utakipa jina la kiumbe mwingine bila kusita, kwa kuwa hauna mahali pa kusema "simjui huyu". Mpe alama za juu mwanafunzi atakayesimama katikati ya njia na kuandika ni katika jozi ipi kauli zote mbili zilikataa kuafikiana na kilichokuwa mbele yake.